Unyayo Chini ya Karai

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni ya Tura: mkuu wangu, mimi, na baiskeli ambayo mkuu aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Kamera hatukuwa nayo. Kutoka chuo cha polisi nilikuwa nimelishika jambo moja kwa moyo wote, kwamba mahali palipoibiwa pasikanyagwe.

Nani angewaambia hayo watu wa kijiji cha ujamaa? Cherehani ya ushirika wa akina mama, waliyokuwa wakishonea sare za watoto wa shule, iliibwa usiku kwenye nyumba yao ya kushonea, na nilipofika asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimeshapita kutoa pole. Walikuwa wameizunguka nyumba yote na kuonyeshana dirisha alilopitia mwizi. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Wakanipa pole na mimi.

Mwizi walikuwa naye tayari, wamemfunga kamba kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji. Alikuwa mgeni aliyehamia pale kutoka mbali na mkewe mjamzito. Kosa lake ni kwamba yeye peke yake hakuja kutoa pole. Mwenyekiti aliniambia waziwazi kuwa wasipoondoka na treni ya jioni, yeye hatajibu kitakachowapata.

Niliizunguka nyumba kwa hasira tu. Nyuma, kwenye kona, kulikuwa na karai limelala kifudifudi, kila mtu amelikwepa. Mama kiongozi wa ushirika alisema jana jioni, baada ya kufagia, aliliegemeza ukutani; basi liliangushwa usiku. Nikalifunua. Chini yake palikuwa na unyayo wa katambuga, vile viatu vya matairi, kisigino kimelika upande mmoja na msumari umechomoza. Nilifurahi mno.

Nikachekecha mchanga kwa chekeche, nikautandaza, nikawaomba wanaume wapite juu yake mmoja mmoja. Wakataniana kuhusu miguu yao kama vile wapo ngomani. Mgeni naye tulimfungua apite, na unyayo wake haukufanana hata kidogo. Uliofanana ulikuwa wa bwana mmoja aliyetoa pole kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye aliyekaza ile kamba. Cherehani tuliikuta ndani ya kihenge chake, imefukiwa kwa michembe, viazi vikavu vya chakula cha mwaka mzima.

Cherehani iliporudishwa juu ya meza yake, nilimuuliza mgeni, aliyesimama nje na mkewe, kwa nini hakuja kutoa pole.

"Kwetu, afande, mgeni hafiki penye wizi mpaka aitwe," alisema, akijisugua mikono. "Akijipeleka mwenyewe, ndiye atakayeshukiwa."

Watu waliinamisha vichwa. Yule mama kiongozi ndiye aliyetoka hadi mlangoni.

"Karibu, baba. Ingia na mama watoto."

Wakaingia. Mgeni akasimama mbele ya cherehani, alama za kamba bado mikononi.

"Poleni, mama zangu."

"Tumeshapoa," wakaitika wote, na mmoja wao akavuta kiti kwa ajili ya mkewe.