Mbaazi Chini ya Bendera ya Njano

Kitu cha kijinga nilichofanya siku ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa choo cha mashua, ni kuficha mbaazi ndani ya mfuko wa tanga la akiba. Nyinyi wa Form One mnaotamani ubaharia, kaeni chini babu awasimulie. Mimi nilistaafu nikiwa Form Two.

Aliyenipeleka ni Anko Mutua, ndugu ya mamangu. Alitoka kwetu Kola, bara, akaenda Kilifi pwani kutafuta kibarua, akaishia kuwa msaidizi wa nahodha kwenye mashua ya tanga. Likizo ile walikuwa wanaenda Shelisheli, na nahodha akakubali nije nioshe sufuria.

Mbaazi zilitoka kwa mama. Kwetu huingii boma la watu mikono ikining'inia, sembuse nchi yao. Mvua ilikuwa imekataa, na hizo ndizo alizovuna shamba zima. Kwa hivyo nahodha alipotuita akasema, "Mbegu, matunda, kitu yoyote ya shamba, toeni sasa. Kule wanakagua," niliitikia, "Ndiyo, Kapteni," nikaangalia mawingu. Kutupa chakula? Mtu wa Kola?

Kazi yenyewe ni hivi. Usukani tulishika kwa zamu, mmoja akifuata dira, wengine wakilala. Upepo ukizidi mnapunguza tanga, yaani mnalikunja sehemu, mashua isilale ubavu. Cheo changu kilikuwa kutapika. Nilitapika kuelekea upepo, yote ikanirudia usoni, Anko akanipangusa kwa shati lake.

"Bahari haijui wewe ni mcheshi," akaniambia.

Mvua ilitunyeshea njiani, ile yote tuliyoikosa nyumbani, ikimwagikia maji ya chumvi. Hiyo iliniuma.

Tulipofika tulipandisha bendera ya njano. Maana yake hatujaruhusiwa bado, mtu asishuke. Wakaja wa afya, wa uhamiaji, wa forodha, na mwisho mama mmoja mpole wa kukagua mimea. Nahodha alikuwa ameshatia sahihi kwamba hatuna mbegu. Yule mama akafungua mfuko wa tanga. Mbaazi zilikuwa zimeingia wadudu, wanatembea.

"Hizi ni za nani?"

Mimi, ambaye darasani hujibu hata swali la mwenzangu, nikaangalia viatu.

"Zangu," Anko akasema.

Nahodha hakupiga kelele. "Mutua, nimedanganya serikali ya watu kwa sababu yako. Utashuka hapa."

Ndege ya kuturudisha mimi na Anko ndiyo ilikuwa yangu ya kwanza maishani, na dirishani sikuangalia. Nikamwambia Anko nitampigia nahodha niseme ukweli.

"Ukisema sasa tutakuwa waongo wawili," akasema, akafunga macho.

Siku hizi yuko Kola. Manahodha wanajuana, hakuna anayemchukua. Anachunga ng'ombe za jirani. Wakati mwingine anasimama katikati ya malisho, anageuza uso kutafuta upepo unatoka wapi, halafu anaendelea kutembea. Yeye alimwambia mama kwamba amerudi kwa sababu mashua iliuzwa.

Kustaafu kwangu mimi hakuna shida. Niko shule, napiga stori. Juzi nilikuwa jikoni nikimwigizia mama ile ya kutapika, anacheka mpaka anashika ukuta. Nikaendelea: bendera, maofisa, mfuko. Nilipofika kwenye lile swali la "Hizi ni za nani?" nikaacha kuigiza. Nikamwambia yote.

Mama akaweka mwiko chini.

"Mdomo huo wote haupumziki hapa kwangu," akasema. "Siku hiyo ulikuwa wapi?"