Nyasi Zangu na Kamati ya Ufundi

Anayetaka kuzeeka haraka nampa ushauri wa bure: akubali kusimamia ukarabati wa uwanja wa mpira katika mji ambao kila mtu, kuanzia mwalimu wa madrasa mpaka muuza pweza, ni kocha. Mimi nilikubali. Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Nilizaliwa mbali na bahari, kwenye baridi na migomba, ajira ikanileta Mtwara, na Mtwara nikaolewa na mfanyakazi wa bandari ambaye wazazi wake nao waliletwa na ajira. Tukajenga Shangani, tukazaa, tukazoea joto. Ofisini nilikuwa nashughulikia bustani na usafi wa mji. Siku moja mkuu wangu akaniita, akasema uwanja unakarabatiwa na msimamizi ni mimi, kwa sababu nyasi ni nyasi. Ningejua ninayoyajua leo ningemwambia palepale kwamba nyasi za barabarani hazina mashabiki.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Timu yetu ilikuwa imepanda ligi kuu, lakini mechi zake za nyumbani ilikuwa ikizichezea mkoa mwingine, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa mchanga na mashimo. Ligi ikatuambia: uwanja ukipita ukaguzi, mechi na ile timu kubwa ya Dar es Salaam, ambayo nusu ya Mtwara huishangilia na nusu nyingine huiogopa, itachezwa kwetu. Usipopita, itachezwa kwa watu. Mji mzima ukaanza kuhesabu kwamba mgeni anakuja. Nyumbani kwangu nako kulikuwa na mtu wake. Mume wangu aliharibikiwa mgongo bandarini, safari ndefu za basi haziwezi tena. Kwake yeye, mechi isiyochezwa Mtwara ni mechi ya redioni, na alikuwa amechoka kuiona timu yake kwa masikio.

Basi nikaanza. Tuling'oa nyasi za zamani, tukalaza mabomba ya kutolea maji ya mvua na mengine ya kumwagilia, tukaagiza ukoka mpya na samadi. Nilisema samadi iliyooza. Nilisema kwa Kiswahili. Samadi ikaja na lori kutoka Ziwani, mbichi, zizi zima pamoja na mbegu zake, na mvua iliponyesha, kabla ukoka haujashika, ukaota mchicha. Ulistawi kuanzia kiduara cha katikati mpaka ndani ya boksi. Kina mama wa Ufukoni wakawa wanaingia asubuhi na vikapu vyao, wanachuma. Nilipowafukuza, mmoja aliniuliza kwa upole kama kweli watu wazima wanaweza kung'oa mboga ili wapate mahali pa kukimbilia. Kisha akanifungia fungu moja nikapike. Nilipika, ulikuwa mtamu, na hilo lilinikera zaidi.

Ikafuata habari ya maji. Dereva wa boza, kwa uvivu wa kupanga foleni, akaenda kuchota kwenye kisima cha karibu na ufuo, na kona moja ya uwanja ikawa ya kahawia. Nilionja maji yale kwa kidole. Ningeweza kuyapikia samaki bila kutia chumvi. Nilimfokea dereva yule mpaka watu wakatoka madukani kusikiliza, naye alipomaliza kufokewa akaniambia, "Pole, mama," kana kwamba msiba ni wangu peke yangu.

Hata hivyo ukoka ulishika. Siku nilipoukuta umefunga, kijani kutoka goli mpaka goli, nilivua viatu nikatembea juu yake, na wala sikujali nani ananiona.

Vyumba vya kubadilishia nguo navyo vikakamilika: marumaru nyeupe, mabafu yanayotoa maji, vyoo vyenye milango inayofungwa. Tukaalika timu ya mkoa jirani kwa mechi ya kirafiki ili tuujaribu uwanja. Nikasimama mlangoni na funguo mkononi, nimevaa gauni langu la sherehe. Wageni walishuka, wakanusa ile rangi mpya, wakarudi ndani ya basi, wakafunga mapazia na kuvalia jezi humo humo. Nahodha wao akaja kwangu kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Vyumba ni vizuri sana. Ila sisi hatuingii."

Nikajipoza kwamba angalau vijana wetu watavitumia. Vijana wetu walipita wapi? Juu ya ukuta. Geti kubwa liko wazi, limepakwa rangi za timu, na wachezaji wa ligi kuu wanaparamia ukuta nyuma ya vyoo, mmoja mmoja, mpaka kipa, aliyekuwa wa mwisho na mzito kuliko wote, akashuka na matofali yangu matatu.

Kwa asiyeujua mpira wetu, kila klabu ina watu inaowaita kamati ya ufundi. Usitafute fundi humo. Ni wazee na vijana wachache ambao kazi yao ni kuhakikisha, kwa waganga na mizizi na mayai, kwamba mpira unaingia goli linalotakiwa. Ndio wanaoamua timu ipite geti gani, ivae wapi, na nani asipeane mkono na nani. Kwetu, kamati hiyo ilikuwa chini ya mwenyekiti wa mashabiki, mfanyabiashara wa makopa ya muhogo ambaye babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, mtu wa vicheko vingi na mikono isiyotulia. Nikamwita.

"Mwenyekiti, vijana wameruka ukuta kwa nini?"

"Lile geti jipya, mama. Hatujui nani kapita pale."

"Nimepita mimi. Wamepita mafundi. Imepita samadi."

"Si ndo hapo sasa," akasema, akanyanyua mikono, kana kwamba nimemmalizia hoja yake.

Nikamwambia wakaguzi wa ligi wanakuja, na kwamba sitaki jembe, panga wala yai kwenye nyasi zangu kabla hawajaondoka. Akaniapia. "Sie wa kamati hatugusi, mama. Weye lala usingizi." Na nimpe haki yake, hawakugusa.

Jioni mimi na mume wangu hutembea ufukweni Shangani, polepole, kwa sababu ya mgongo wake. Miezi yote ile nilikuwa namsimulia uwanja. Mke mwingine angesimulia majirani. Mimi nilimweleza bomba la kumwagilia limepita wapi, goli la kusini linakauka upesi kiasi gani, mlinzi anakwenda kuswali magharibi msikiti upi. Yeye alisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri, na akauliza maswali mazuri. Nilifurahi kupata mume anayejali kazi yangu.

Asubuhi ya ukaguzi nilifika mapema. Mbele ya goli la kusini palikuwa na dimbwi. Mtu alichimba shimo pale kwenye mstari, jembe likakata bomba, halafu, kwa kutaka kuficha, akafukia na kuziba juu kwa vipande vya ukoka alivyokwangua kwenye kona, kwa hiyo sasa nilikuwa na vidonda viwili badala ya kimoja. Maji yalikuwa yamechuruzika usiku kucha. Vibarua wangu walitazama, wakatazamana, wakarudi nyuma pamoja.

"Hapo pamefukiwa kitu, mama," akasema mmoja.

"Najua pamefukiwa kitu! Leteni mchanga!"

Walileta mchanga, wakaushusha mbali, nikaubeba mwenyewe kwa ndoo. Nilifunga maji, nikamwaga mchanga, nikakanyagakanyaga. Uji ukawa uji mzito. Ndipo wakaguzi wakaingia, wawili, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege.

Walisifu kila kitu. Walifungua mabomba ya mabafuni, wakavuta maji ya vyoo, wakakaa kwenye viti vya jukwaani, wakadundisha mpira katikati ya uwanja na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nasali kimoyomoyo waishie hapo. Hawakuishia. Yule mkubwa, mwenye miwani na kompyuta mpakato kwapani, alitembea mpaka goli la kusini, akazama mpaka kwenye kifundo. Alipouvuta mguu, kiatu kilibaki, na kando ya kiatu likachomoza fundo la kitambaa lililofungwa kwa kamba.

Sijawahi kuona mtu mwenye soksi moja akirudi nyuma kwa kasi vile. Mwenzake alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Vibarua sikuwaona kabisa. Nikapiga magoti kwenye tope, nikatoa kiatu cha mgeni, kisha, kwa kuwa nilikuwa na hasira kuliko hofu, nikalivuta na lile fundo nikalifungua. Ndani kulikuwa na mizizi, yai, na majani yaliyosagwa. Sikuyajali hayo. Nilikuwa natazama kitambaa. Kilikuwa kipande cha kitenge nilichobakiza niliposhona foronya za nyumbani, na upindo wake niliushona mimi kwa uzi wa rangi isiyolingana, kwa sababu uzi wa rangi yake uliniishia.

Wakaguzi walikuwa waungwana. Walisema vyumba ni vizuri kuliko walivyotegemea, na sehemu ya kuchezea imetengenezwa na mtu anayejali. Lakini goli ni goli, kipa hawezi kusimama kwenye uji, na ukoka hauwezi kushika upya kabla ya mechi. Mechi ikapelekwa mkoa mwingine. Timu kubwa tutaiona Mtwara msimu ujao, kama bado tutakuwa ligi kuu.

Nilimkuta mume wangu mezani, anakula. Nikaweka kitambaa kando ya sahani yake ya ugali, na tope lake. Alikitazama. Nilitegemea atasema samahani.

"Umekitoa?" akauliza.

"Nimekitoa! Pamoja na kiatu cha mkaguzi! Wewe ni mzee wa kanisa, baba watoto. Mzee wa kanisa!"

"Kanisa ni Jumapili," akasema taratibu. "Mechi ni Jumamosi."

"Na kamati iliniapia!"

"Kamati ya yule muuza makopa? Wale wababaishaji. Hii tulifanya sisi wenyewe, wazee wa bandarini."

"Na bomba je? Si nilikwambia bomba liko upande wa kushoto?"

"Tulichimba kulia."

"Kushoto ukilitazama goli! Wewe ulisimama golini ukatazama uwanja!"

Akaacha kula. Akageuza mkono hivi, akaugeuza tena, akipima, nikaona anaelewa. Uso ukamshuka. Kisha akasema neno ambalo hata sasa sijui nilifanye nini.

"Nilitaka tushinde kwako, mama watoto. Uwanja umeutengeneza wewe. Nilitaka watu waseme, siku uwanja wa mke wangu ulipofunguliwa, ile timu kubwa ilipigwa."

Nilitaka kumpiga na mwiko, na nilitaka kulia. Nilichofanya ni kutoka nje, nikasimama uani mpaka kuku wakaanza kunishangaa. Huyu ndiye mtu aliyekuwa hawezi kusafiri. Huyu ndiye niliyemtengea kiti cha pembeni, karibu na ngazi, asipate taabu ya kupanda. Katika mji wote, aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ya mechi kuchezwa hapa ndiye aliyechukua jembe akaiondoa.

Siku ya mechi, mabasi ya mashabiki yaliondoka alfajiri na ngoma. Mchana nikamwambia avae, tunakwenda. Hakuuliza wapi. Nilimweka kwenye kigoda mbele ya goli la kusini, redio miguuni, na furushi la ukoka mapajani. Kazi yake ilikuwa kunitenganishia vipande na kunipa, yangu ilikuwa kupanda. Viti vyote vya jukwaani vilikuwa vitupu, vinang'aa. Geti lilikuwa wazi na hakuna aliyeogopa kupita, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo.

Vijana walicheza vizuri, mtangazaji mwenyewe alikiri. Walibana, walishambulia, kipa wetu yule mzito akaokoa mara nyingi, na kila alipookoa mume wangu alikuwa akitazama lile goli tupu mbele yetu kana kwamba anamwona. Nami, pamoja na hasira zangu, nilianza kutumaini. Karibu na mwisho tukafungwa. Kwenye redio watu wa mkoa ule walishangilia, na nusu yao, naapa, walikuwa watu wa Mtwara.

Filimbi ya mwisho ikalia, akazima redio. Alikuwa na machozi. Akatazama jukwaa, akatazama nyasi, akanitazama mimi nilivyopiga magoti kwenye matope. Nikajua sasa litakuja, lile neno nililolingoja tangu siku ile mezani.

"Ile dawa," akasema, "ulipoitoa, uliitupa wapi?"

Nilikuwa na kipande cha ukoka mkononi, chenye mizizi na udongo wake. Nikamrushia, kikampata kifuani, kwenye shati lake jeupe la kanisani. Hakukasirika. Alikiokota mapajani, akakifuta taratibu kwa kidole gumba mpaka mizizi ikaonekana, akainama kadiri mgongo wake ulivyomruhusu na kunirudishia.

"Panda upesi," akaniambia, "kisije kikakauka."