Zabibu za Kufungwa kwa Uzi

Picha ile bado ipo ukutani ofisini kwetu, juu ya kabati la mafaili. Kiongozi mmoja amesimama katikati ya mizabibu, kashika kishada, anacheka meno yote nje. Pembeni yake yupo mama mmoja wa Kigogo mwenye kitenge kipya, hacheki. Mimi nipo nyuma yao na fulana ya sherehe. Wageni wakianza kuisifu, natoka nje najifanya napokea simu.

Mimi ni bwana shamba. Ni mwanamke, lakini vijijini kwetu mtaalamu wa kilimo ni bwana shamba tu, awe na sketi, awe na suruali, na nilishachoka kubishana. Kazi yangu ni zabibu. Nawafundisha watu kupogoa, kupiga dawa ya ukungu, kujua siku ya kuvuna. Hiyo siku ya kuvuna ndiyo roho ya kazi yenyewe, na ndiyo niliyoiharibu, kwa mdomo wangu mwenyewe, huku najua.

Yule mama alikuwa mjane, shamba lake lipo mbele kidogo ya Msalato. Mumewe alipofariki, shemeji zake walitaka mizabibu ing'olewe wagawane viwanja, maana mji umeshafika pale na kila mtu anaota matofali. Yeye akang'ang'ania. Baada ya vikao visivyoisha wakakubaliana mbele ya mwenyekiti: apewe msimu mmoja. Akivuna vizuri, shamba libaki lake na wanawe. Akishindwa, asifungue mdomo tena.

Alinieleza haya siku ya kwanza, hata sijakaa. "Mwanangu, mimi zabibu nilikuwa nachuma tu. Mambo ya mkasi alikuwa nayo marehemu. Nifundishe, nitafuata kila utakachosema."

Na alifuata, jamani. Nikisema acha macho mawili ya kuchipua kwenye kila tawi, anaacha mawili, si matatu. Nikisema piga dawa asubuhi kabla ya upepo, nikifika namkuta keshamaliza, amekaa anakunywa uji. Nikampa mkasi wa ofisi, nikaliandikisha kuwa shamba la mfano. Jirani akipita, mama ananitambulisha kwa utani: "Huyu ndiye bwana wangu siku hizi, ila mahari hajatoa." Tunacheka mpaka machozi. Nilimpenda yule mama, nisifiche.

Mwezi wa tatu vishada vilikuwa vizito hadi nyaya zinalegea. Nikatoa kipimo changu cha sukari, nikaona imefika. Mvua zilikuwa hazijaisha, na zabibu iliyoiva ikipigwa na mvua inapasuka, inaoza. Nikamwambia Jumatatu isipite. Mnunuzi naye akaahidi kuleta lori Jumatatu hiyohiyo.

Ijumaa mkuu wangu akaniita. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi kutembelea shamba la mfano.

"Zabibu ziwe mtini," akasema. "Hatuwezi kumwonyesha majani."

"Mzee, zimeshaiva."

"Siku tatu tu! Kwani zitaota miguu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kugoma. Sikugoma. Ningependa kusema niliogopa, lakini kichwa kilikuwa kimenivimba. Miaka yote nakula vumbi la mashambani, hakuna anayenijua, na sasa mkubwa mzima anakuja kuona kazi yangu. Cheo nilichokuwa nakisubiri nilikuwa naanza kukinusa.

Nikaenda. "Mama, mwambie mwenye lori aje Ijumaa."

"Si wewe mwenyewe ulisema Jumatatu isipite?"

"Najua nilichosema. Siku hizi chache haziharibu kitu."

Akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Mwenye lori hakukubali kungoja; lori likaja Jumatatu, likageuzwa tupu, likaenda kujaza kwa mkulima mwingine. Alhamisi asubuhi ikaja simu: mgeni amepata udhuru, mpaka wiki ijayo. Nikampigia mnunuzi nikimbembeleza kama mtoto. Akaniambia ameshapata mzigo wa kumtosha. Jumamosi mvua ikashuka, ikanyesha siku mbili bila kupumua.

Nilipokwenda, harufu ya siki ilinipokea barabarani. Nyigu wamejaa. Mama alikuwa anapita mstari kwa mstari, anakata vishada vilivyooza na kuviweka kwenye ndoo, taratibu, kama nilivyomfundisha. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba." Akaendelea kukata.

Nilidhani ziara imekufa. Wapi! Mkuu wangu akasema, nenda sokoni. Basi nikanunua zabibu za watu, makreti kwa makreti, na uzi wa kushonea. Tulizifunga kwenye mizabibu yake asubuhi ya ziara, mimi upande huu, yeye upande ule, maana nilimwomba anisaidie. Lo, nilimwomba!

"Na hiki nacho ni kilimo?" akauliza, kama mwanafunzi anayetaka kuelewa. Nikajitia sijasikia.

Mgeni akaja, akachuma, akala. "Tamu sana! Hebu mama tuambie, siri yako ni nini?"

Akanigeukia. Alinitazama mimi, si mgeni.

"Nafuata ushauri wa mtaalamu," akasema.

Makofi yakapigwa. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga. Shemeji zake wawili walikuwa wamesimama nyuma kabisa. Mmoja alikuwa ameshika kishada, anauvutavuta ule uzi.

Kabla kiangazi hakijakolea mizabibu ilishang'olewa, mashina yamerundikwa kando kama kuni. Cheo chenyewe sikupata. Nilichopata ni maagizo: shamba la mfano halipo tena, kachukue mali ya ofisi.

Nilimkuta mama kwenye chumba alichoachiwa na shemeji zake, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Akaingia ndani, akatoka na mkasi umeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameusafisha na kuupaka mafuta.

"Bado unakata vizuri," akasema. "Mpe mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba radhi. Maneno yalikuwepo, tena mengi. Nikafungua mkoba, nikatoa fomu ya makabidhiano, nikamshikia kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mama," nikamwambia. Akaweka.