Mahindi ya Baba Mwende

Mwaka ule tulikula mahindi na chumvi. Wengine wanauita mwaka wa kura, na kwenye redio wana majina yao marefu. Sisi wa ploti yetu ya Kayole, vyumba vya kupanga vya geti moja, tunauita mwaka wa mahindi na chumvi. Ukimtajia mtu aliyekuwa pale, anajua unasema nini.

Naandika mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo naandika polepole, lakini sijasikia mtu aliyekufa kwa kuandika polepole. Wajukuu wangu wote wanasoma vizuri. Mkubwa wao, ambaye ni mrembo kama nilivyokuwa mimi, ameahidi kukagua herufi tu na kuniachia maneno yangu.

Kabla ya mahindi kulikuwa na chapati. Jumatano ya mwisho kabla ya kura, ushirika wa akina mama ulikuwa kwangu. Ndiyo desturi yetu: kila Jumatano nyumba moja, wimbo, Neno, halafu chai, na mwenye nyumba asipopika vizuri atasemwa mpaka Jumatano nyingine. Chumba kilikuwa kimoja. Tulibanana kitandani na kwenye stuli, na Baba Mwende, mume wangu, akakimbilia nje. Alikuwa mshona akala, viatu vya tairi, sokoni Kariokor. Siku ambazo hakwenda sokoni alikaa kando ya mfereji wa ploti, bomba letu la maji, akikata tairi, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba, kwa hivyo alisikia yote.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Esta. Somo lilikuwa kusudi la Mungu. Alisema Mungu hakumwumba mtu ajaze nafasi tu. Kila Mkristo amewekewa kazi yake, na asiyeijua hakui, anabaki ananyonya kiroho mpaka mvi zinamtoka. Akatuuliza mmoja mmoja. Mmoja akasema kusudi lake ni maombi. Mwingine akasema kuimba. Mama Pendo, jirani yangu wa mlango wa pili, akasema ni kutembelea wagonjwa. Zamu yangu ikafika.

"Mimi ni kupika," nikasema. "Watu wale."

Walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mama Mwende, hilo ni tumbo, si kusudi," akasema yule wa maombi.

"Na wewe mbona tumbo langu limekushikisha chapati ya tatu?"

Mwalimu Esta naye alicheka, lakini akanishika mkono. "Endelea kuomba, mama. Kusudi la mtu ni kubwa kuliko sufuria. Mungu atakuonyesha."

Nilinuna. Sufuria yangu hakuwa ameiona.

Matokeo yalitangazwa, na kabla jua halijatua moshi ulikuwa umesimama upande wa barabara kuu. Kulipokucha maduka yalikuwa yamefungwa, magari hakuna, sukuma wiki hakuna kwa sababu malori ya kutoka shamba hayakupita. Vijana walizunguka mtaani na mapanga wakitafuta watu wa kabila fulani. Kabila hilo silitaji. Siku zile kulitaja kulitosha kuua, na ulimi wangu haujasahau.

Mama Pendo alikuwa wa kabila hilo. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amekwama Mombasa. Mama huyo aliingia kwangu na watoto wake, Pendo akiwa mkubwa wao, hajabadilisha hata meno yote. Hatukujadiliana. Niliwasukuma chini ya kitanda, nikashusha shuka mpaka sakafuni, nikarudi kuchochea jiko.

Ndivyo nilivyoanza kupikia ploti nzima. Kila mlango ulileta ulichobaki nacho, huyu kikombe cha maharagwe, yule makaa. Bi Zuhura, Mswahili wa pwani aliyeuza viungo pale getini, alikuja na pakiti ya chumvi.

"Chumvi ipo, dada. Ukipata cha kuitia, niite."

Maharagwe yaliisha kwanza. Vitunguu hatukuvikumbuka tena. Tukabaki na mahindi na chumvi ya Bi Zuhura, Mkristo na Mwislamu kwenye sufuria moja, na sahani ya Mama Pendo niliipitisha chini ya kitanda kama mtu anayelisha paka. Waliofika kula waliuliza mbona napakua sahani nyingi. Niliwaambia vita hunitia njaa.

Halafu mahindi nayo yakafika chini. Baba Mwende akafunga akala zake. Ndugu yake alikuwa mtaa wa Umoja, na alikuwa na gunia la mahindi.

"Usiende," nikamwambia.

"Si umesema kusudi lako ni watu wale? Unataka wale mawe?"

Alinitania hivyo tangu ile Jumatano. Alitoka akitabasamu, na mimi nikamsonya. Hivyo ndivyo tulivyoagana, kwa tabasamu na msonyo.

Walikuja mchana.

Geti letu lilikuwa la mabati. Walilipiga kwa ubapa wa panga. Nilifungua mwenyewe, kwa sababu wangelibomoa, na mtu aliyebomoa geti haishii getini. Nikasimama katikati ya nafasi.

"Mathe, sisi hatuna noma na wewe," akasema kiongozi wao. "Kuna watu wao hapa ndani. Tuonyeshe mlango."

"Milango ndiyo hiyo. Nyinyi si vipofu."

Mmoja akacheka. Nikamtazama miguu. Alikuwa amevaa akala zilizoshonwa na Baba Mwende. Mshono wa mume wangu naujua.

"Mathe, usitucheze. Sema tu. Neno moja."

Ningeweza kuwadanganya kwa mlango mwingine, lakini kila mlango ulikuwa na mtu.

"Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."

Alinipiga mdomoni kwa mpini wa panga.

Meno mawili yaling'oka. Niliyahisi juu ya ulimi, kama punje.

Sikuanguka.

Nyuma yao nikamwona Baba Mwende, nusu gunia begani. Hawakuwa wamemwona. Angeweza kupita na njia kama mtu wa ploti nyingine.

Alipenya katikati yao. Akanitazama mdomo.

"Mama Mwende ameshawajibu," akasema.

Panga lilishuka mara moja. Gunia likapasuka pamoja naye.

Mahindi yakamwagika getini.

Lori la askari likanguruma barabarani, na wale vijana wakatawanyika. Yule wa akala ndiye aliyekimbia mwisho. Alimruka mume wangu.

Baba Mwende hakusema tena. Nilimshika kichwa mpaka kikawa kizito. Bi Zuhura alikuja na leso mpya, kanga ambayo haijaoshwa bado, akamfunika.

Sasa nitaandika jambo ambalo binti yangu Mwende, aliyekuwa ameshaolewa mbali mwaka ule, hataki niandike. Jioni ile niliokota yale mahindi. Nilipiga magoti pale getini nikayaokota, hata yaliyoingia kwenye mtaro. Niliyaosha kwenye mfereji mpaka maji yakawa maji. Nikayatia chumvi, nikayapika. Watoto walikuwa na njaa, na njaa haijui matanga.

Mama Pendo alikataa kula. Alilia chini ya kitanda, kitambaa mdomoni.

"Kula," nikamwambia, midomo yangu imevimba kama maandazi. "Ameyabeba kwa miguu kutoka Umoja."

Akala. Nami nikala. Kesho yake yeye na watoto walipanda lori la askari, na mimi nikabaki na chumba chenye nafasi nyingi kupita kiasi.

Mwalimu Esta alilala nami kwenye mkeka siku zote za matanga. Alinikanda midomo kwa maji ya chumvi. Simsemi vibaya, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutagombana. Lakini ni yeye aliyeniambia, akilia na yeye, kwamba siku moja nitaelewa kusudi la Mungu katika kifo kile.

Nimengoja. Nimezeeka nikingoja. Kwa muda mrefu niliomba nikiwa nimeuma meno yaliyobaki, na nilimwambia Mungu maneno ambayo singemwambia mkwe wangu. Hakuniondokea. Kila nilipomaliza kumgombeza, alikuwa bado yupo, na sufuria bado ipo, na kulikuwa na mtu mlangoni mwenye njaa. Kama huko ni kukua kiroho, basi nimekua. Hakukuwa kama nilivyofundishwa. Mtu akikua hivyo hapati mabawa, anapata magoti magumu.

Yule wa akala alirudi, miaka imepita, amekonda, anasukuma mkokoteni wa maji. Alisimama mlangoni akaniita mama. Akasema hakuwa yeye aliyeshika panga. Nikamwambia najua. Akasema aliruka juu ya mume wangu na usiku ndotoni anaruka tena. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu hilo nalo sikuwa nimelimaliza. Nilimpakulia. Alikula amesimama, na machozi yakaingia kwenye sahani, na sahani nikaiosha kama sahani nyingine.

Mwaka huu kanisa letu limerudia lile somo la kusudi. Mwalimu Esta sasa ni mchungaji, na miguu inamuuma kama yangu. Alikuja kwangu akitaka nitoe ushuhuda Jumapili ya shukrani. Pendo angekuja pia. Pendo ni mwalimu siku hizi, ana mtoto mnene anayeniita shosho, yaani bibi, na kunivuta masikio.

"Mtazame Pendo," akasema Mchungaji. "Mungu alimchukua mzee wako ili Pendo aishi. Hulioni kusudi hapo, mama?"

"Pendo namwona. Na mtoto wake namwona. Lakini Mungu alitaka wote wale, na Baba Mwende naye ale. Ni watu waliopunguza sahani."

"Hata Kristo alikufa kwa ajili ya wengine."

"Alijitoa. Na Baba Mwende alijitoa, aliingia kwa miguu yake. Kujitoa kwake kulitoka kwa Mungu, hilo nalisema mchana kweupe. Panga halikutumwa na Mungu. Esta, kusudi la Mungu lilikuwa kwenye gunia. Usinitafutie lingine kwenye panga."

Alikanda goti lake linalomuuma. Kisha akasema kwa upole, "Watu wanataka kusikia kwamba haikuwa bure."

"Haikuwa bure. Tulikula."

Jumapili nilijifunga kitambaa cheupe kichwani. Nilisimama mbele nikawaambia habari za mahindi, kuanzia chapati mpaka mfereji. Bi Zuhura, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alikuwa amekaa benchi la nyuma na baibui lake, hakuna aliyemwuliza kitu. Pendo alikuwa amemkumbatia mtoto. Niliposema Mungu alinionyesha kusudi langu na lilikuwa sufuria ileile, wale wa zamani wa ushirika walicheka, mara hii bila kunidharau.

Nilikuwa nikigeuka kurudi kukaa. Mchungaji Esta akanizuia taratibu, akanisogezea kipaza sauti. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alinitakia mema, najua.

"Na sasa waambie, mama, kwamba yote, hata kifo cha mzee, yalikuwa mpango wa Mungu ili ukue. Sema tu. Neno moja."

Kanisa zima likangoja. Nikapitisha ulimi kwenye pengo.

"Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."