Jimbo la Kumi na Saba

Kwa miaka thelathini na moja Matar Khalfan aliendesha basi kutoka Kilburn hadi katikati ya Landani bila ya kupotea hata siku moja, kisha akaja kupotea msikitini, amekaa juu ya zulia baada ya sala ya Ijumaa.

Rajab, waliyekuwa wakikaa safu moja kila wiki, alimuuliza habari za binti yake, Sundus, aliyehamia Marekani na mumewe Ziyad.

"Yuko Iowa," Matar alijibu. "Wote wazima."

"Iowa? Si Ziyad alisema Ohio?"

"Ndiyo pale pale."

Rajab akatoa simu, akafungua ramani, akaivuta kwa vidole viwili. "Si pale pale, yakhe. Baina yao pana majimbo mawili mazima."

Watu waliokaa karibu walicheka, na Matar naye alicheka, lakini njiani kuelekea nyumbani hakuwa akicheka. Yeye aliyejua kila kituo cha basi Landani, na kila mti unaogonga paa la ghorofa ya juu, hakujua mwanawe anaishi wapi. Na kwa miezi minane alikuwa akiwaambia watu Iowa.

Alikuwa amestaafu mwezi wa Juni, na kustaafu hakukumkaa vizuri. Mkewe, Sheikha, alikuwa bado anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, akitoka alfajiri na kurudi saa tisa mchana. Matar alishinda dirishani akihesabu mabasi yanayochelewa. Sheikha akifungua mlango tu, anapewa taarifa: mawili yamekuja pamoja, moja limepita tupu, dereva mmoja kafunga mlango mama wa watu anakimbia.

"Baba Sundus," Sheikha alimwambia siku moja, bado amevaa koti, "tafuta kitu cha kufanya. Chochote. La sivyo nitaomba zamu ya jioni pia."

Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile ya aibu, Matar alikwenda maktaba ya mtaa akaazima kitabu kikubwa cha picha kuhusu Marekani. Kila jimbo lilikuwa na kurasa mbili, moja ya historia na moja ya chakula, na majimbo yalipangwa kwa zamu ya kujiunga na nchi. La kwanza Delaware. Ohio lilikuwa la kumi na saba.

Mtu mwingine angefungua Ohio akamaliza kazi. Matar alikuwa dereva wa basi. Kwake njia huanzia kituo cha kwanza.

Alisoma kwamba Delaware palikuwa na mashamba makubwa ya pichi, mpaka ugonjwa ukaingia ukaua miti, watu wakabaki na mapishi ya pai na kumbukumbu. Habari ile ilimgusa. Akanunua pichi. Tangu azaliwe Wete, Pemba, mpaka umri ule wa miaka sitini na saba, hajawahi kupika kitu zaidi ya chai na mayai. Sheikha aliporudi alikuta kengele ya moshi inalia, mumewe kasimama juu ya kiti anaipungia taulo, na ndani ya oveni kuna kitu cheusi.

"Nini hicho?"

"Delaware," alisema Matar.

Walipomaliza kufungua madirisha, Sheikha alikaa, akavua viatu, akatoa masharti. Apendapo kupika, apike. Nguruwe haingii, mvinyo hauingii, vyombo vioshwe siku ile ile. "Na mbuzi yangu ya nazi usiiguse."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jimbo moja kila wiki, likipikwa Alkhamisi. Vitu asivyovipata Kilburn alivifuata Queensbury kwa treni, kwenye duka la mboga la Bi Pushpa, mama wa Kihindi aliyezaliwa Unguja na bado akisema Kiswahili cha Mji Mkongwe kana kwamba katoka jana.

"Leo uko jimbo gani, Bwana Matar?" alikuwa akimuuliza kabla ya salamu.

"Georgia. Nataka unga wa mahindi, ule wa chengachenga."

Mlaji wake mkuu alikuwa Wanjohi, Mkenya wa Nyeri waliyeendesha naye mabasi. Mkewe alikuwa muuguzi, akilala mchana, kwa hiyo Wanjohi alifurahi kupata mahali pa kwenda. Alikuwa akila kila kitu na kusema kila kitu. Alipowekewa ile sahani ya Georgia, uji mzito wa mahindi wenye siagi na jibini, aliugeuza kwa kijiko kwa muda.

"Hii ni ugali ama ni uji?"

"Kitabu kinasema walifundishwa na wenyeji wa kule, watu waliokuwepo kabla ya Wazungu."

"Sawa. Lakini hao wenyeji hawakumaliza kusonga." Kisha akaomba nyingine.

Wiki ya sita ilikuwa Massachusetts, na siku hiyo Matar alimpigia Sheikha simu kazini, jambo alilokatazwa.

"Mama Sundus! Unakumbuka merikani? Kile kitambaa kigumu, bibi alikuwa akishonea foronya?"

"Matar, namlisha mtu chakula."

"Kilitoka hapa! Massachusetts! Karibu miaka mia mbili iliyopita merikebu zao zilikuwa zikitoka mji unaitwa Salem zinakuja mpaka Unguja, zinashusha kitambaa, zinapakia pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu wa miti. Sandarusi yetu wakifanyia vanishi ya meza zao! Mie nilidhani ni jina tu."

Upande wa pili kijiko kilisikika kikiwekwa chini. "Meza zao zilipakwa sandarusi yetu?"

"Kitabu kinasema hivyo."

"Haya. Nitakuja unionyeshe," alisema Sheikha, na kweli alipofika aliuliza kitabu kiko wapi kabla ya kuuliza chai. Chakula chenyewe kilimshinda. Yalikuwa maharage yaliyokaa ovenini saa sita, yamewekwa asali nyeusi ya miwa. Matar alitia nyama ya ng'ombe badala ya ile isiyoingia. "Sukari tunatia kwenye tambi," Sheikha alisema. "Maharage yamekukosea nini?" Wanjohi akabeba yaliyobaki.

Kila Jumapili Sundus alipiga simu ya video na Matar alimsomea jimbo la wiki. Sundus alilelewa Kilburn. Kiswahili alikifahamu chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza. "Baba, just skip to Ohio," alikuwa akimwambia akicheka. "We're right here."

"Basi haliruki vituo," Matar alijibu.

Carolina Kusini lilikuwa la nane. Matar alisoma ukurasa wa historia mara tatu. Jimbo lile lilitajirika kwa mpunga, na waliojua kuulima mpunga walikuwa Waafrika, waliochukuliwa kwao utumwani pamoja na ujuzi wao wa mabonde na maji. Matajiri wakajenga majumba. Walioinama kwenye tope wakabaki na chakula chao, wali uliopikwa pamoja na kunde, na watu wa kule mpaka leo huula siku ya mwaka mpya kuomba heri.

Alinunua kunde kwa Bi Pushpa. Alizipika taratibu, akatia kitunguu na pilipili manga, akamimina mchele. Wanjohi siku hiyo alikuwa na miadi ya meno. Sheikha akaingia, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Nani kapika wali wa kunde?"

"Mie. Lakini si wetu, wa Carolina Kusini."

"Carolina gani? Huu ni wali wa kunde."

Walikula wawili tu. Matar akamweleza alichokisoma, na alipofika kwenye habari za wale watu na mpunga wao, aliacha kula. Akaweka kijiko chini.

"Bibi yangu, mama yake baba," alisema. "Nilikuwa naye mpaka nina miaka kumi. Alikuwa akilima mpunga bondeni, hakuna aliyemfikia. Sheikha, yule bibi alizaliwa mtumwa. Kwenye shamba la karafuu la watu wa Chake, miaka michache kabla ya utumwa kufutwa. Kwetu hatukuwa tukilisema. Na wewe sikujua nikwambie vipi, kwa sababu kwenu..."

"Kwetu ndio waliokuwa na mashamba," Sheikha alimalizia.

"Ndiyo."

"Mie nilijua, Matar."

"Ulijua nini?"

"Mama aliniambia, wiki moja kabla ya nikaha. Alidhani nitakataa. Nikamwambia, mama, huyu mtu ananisubiri kituoni kila jioni nikitoka kazini, mvua inamnyeshea, na wewe unaniletea habari za mwaka gani?"

Matar alimtazama mkewe kama mtu aliyeendesha gari usiku kucha akidhani taa za nyuma zimekufa, akagundua zilikuwa zinawaka muda wote. "Mbona hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe. Sikudhani itachukua miaka thelathini na minane." Akajiongezea wali. "Jina lake nani, bibi?"

"Mize."

"Mungu amrehemu Bi Mize," alisema Sheikha. Akaonja tena, akatafuna polepole. "Kunde zilitaka dakika kumi zaidi."

Jumapili ile Matar hakusoma kitabuni. Alimweleza Sundus habari za Bi Mize, yote aliyoyakumbuka: mikono yake, kofia ya ukili aliyovaa shambani, namna alivyokuwa akiwafukuza ndege kwenye mpunga kwa kuwatukana majina. Sundus alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayepita kwenye mawe, "Baba, niambie tena ile ya ndege." Na tangu siku ile simu za Jumapili zikawa ndefu, na Kiswahili chake kikaanza kurudi, kimechubuka hapa na pale lakini kinatembea.

Majimbo yakaendelea. Vermont lilikuwa la utomvu wa miti unaochemshwa mpaka uwe asali, na Sheikha aliipenda asali ile kwa maandazi mpaka chupa ikaisha kabla ya Kentucky. Mwezi wa Januari, barabara za Kilburn zimelowa na giza linaingia mapema, basi la Matar likafika Ohio.

Sundus na Ziyad walikuwa wakiishi karibu na Cincinnati. Ukurasa wa chakula ulionyesha tambi ndefu zilizomwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na juu yake mlima wa jibini. Matar hakuvutiwa, mpaka aliposoma vinavyotiwa kwenye mchuzi: mdalasini, na karafuu. Waliouanzisha, karibu miaka mia moja iliyopita, walikuwa wahamiaji kutoka Ugiriki na nchi jirani, waliofika kule na viungo vya kwao.

Walipanga wapike siku moja pande zote mbili, simu zimesimamishwa jikoni. Landani ilikuwa jioni, Ohio mchana. Sundus alikiri kwamba chakula kile kinauzwa mtaani kwake na hajawahi kukigusa.

"Nilidhani ni tambi mbaya tu, Baba."

"Usitie karafuu nyingi," Sheikha aliingilia, akimsogeza Matar atoke mbele ya kamera. "Mbili. Ziponde kwanza."

"Kitabu kinasema nusu kijiko."

"Kitabu kimezaliwa Pemba?"

Sundus alicheka mpaka akalazimika kufuta macho. Harufu ilipoanza kupanda kwenye sufuria ya Kilburn, Wanjohi, aliyekuwa mezani na uma mkononi, alisema, "Hii ni pilau imepotea njia." Ziyad kule Ohio akasikia akakubali. Walikula pamoja, nyumba mbili na bahari katikati, na Matar alimweleza mwanawe historia ya mji anaokaa, mto wake, na watu waliokuwa wakiuvuka usiku kutoka majimbo ya kusini kutafuta uhuru upande wa Ohio. Sundus alisema mto huo anauona kila siku akienda kazini. Hakuwa akijua.

"Njooni," akasema. "Njooni muuone."

Walikwenda mwezi wa Machi, wiki mbili. Matar alisimama kando ya Mto Ohio, kofia imeshuka mpaka masikioni, akautazama mpaka ng'ambo ya pili. Sheikha alimshika mkono. Baadaye Sundus aliwapeleka kwenye mkahawa wa tambi zile, na Matar akaonja, akafikiri, akasema kwa adabu kwamba wamepika vizuri ila karafuu zao zimekaa dukani muda mrefu.

Sasa ni Mei na wamefika California, jimbo la thelathini na moja. Sheikha amepunguza kazi hadi siku nne, na Alkhamisi anakuwapo jikoni tangu asubuhi, jambo ambalo Matar analilalamikia kwa watu wote na kulifurahia. Wiki hii kitabu kinataka parachichi juu ya mkate, na chumvi.

"Chumvi?" Sheikha alisema. "Parachichi ni la kusaga na maziwa na sukari."

"Kwetu tunakula na githeri, yale mahindi na maharage," Wanjohi alisema. "Na chumvi, mama. Hao watu wa California wako sawa."

"Nyinyi wa bara hamjui kitu."

Matar alisimama baina yao na kisu, maparachichi matatu mbele yake, mlango wa uani uko wazi na jua limeingia hadi kwenye sinki. Alikata moja akalitia chumvi, akakata la pili akalitia sukari, akawawekea kila mmoja lake. La tatu alikaa nalo mwenyewe, hajaamua.