Nilivyomfungulisha Fundi Mlango

Mimi nina hasira za karibu, na mdomo wangu haujui kukaa kimya. Nimeishi Igogo tangu nilipotoka Kagera kuja kuolewa, na mtaa mzima unajua nikiwa na jambo nitalisema tu. Lakini kuna jambo moja nilikaa nalo kifuani siku tisa, na kula kukanishinda.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, Msukuma wa Magu, umri wa mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, kisha akauliza kama Wahaya leo tumekubali kula ugali au bado tunaringia ndizi. Siku ya uchaguzi alikuwa wakala wa mgombea wake kituoni. Jioni akagoma kusaini fomu ya matokeo. Alisema mbele ya watu kwamba kura zilizotoka kwenye sanduku zilizidi watu aliowaona wakipiga. Wengine waliinamisha vichwa. Mimi, kwa kiherehere changu, nilimpigia makofi.

Kesho yake intaneti ikakatika. Habari zikawa za kunong'onezana sokoni: huyu kachukuliwa, yule kaonekana, yule hajaonekana. Nilikuwa nikisikia gari linapunguza mwendo, naacha ninachofanya hadi lipite. Fundi akafunga kibanda chake, akajifungia ndani. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, ndiye aliyetoka kutafuta chakula.

Siku ya nne baada ya uchaguzi, mchana kweupe, nilikuwa barazani nachambua mchele. Wakaja wanaume wawili, wamevaa kiraia. Waliniamkia vizuri, mmoja amevua kofia ameishika kwa mikono miwili. Wakauliza nyumba ya fundi. Walisema wametoka kwao Magu, mama yake mzazi amefariki asubuhi, na wanaogopa kumwambia wenyewe ghafla.

Sasa, kwetu mtu haambiwi kifo cha mama yake mlangoni na watu waliosimama tu. Anatafutwa jirani mtu mzima, anaingia naye ndani, anamkalisha, ndipo anaambiwa. Kagera ni hivyo, Usukumani ni hivyo. Hata sikuwauliza majina. Nilijifunga kitenge, nikatangulia mbele yao, na machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka. Mkewe alikuwa kliniki.

Nikagonga. Akauliza nani.

"Ni mimi, mwanangu. Fungua, nina neno na wewe."

Alifungua hapo hapo. Wale wanaume wakanisukuma pembeni, nikaangukia ndoo za maji. Walimkunja mikono nyuma. Hakupiga kelele. Aliniona ninavyolia, akaniuliza, "Nani amekufa, mama?"

Sikumjibu. Wakamteremsha mlimani kwenye mawe hadi barabarani, kwenye gari lisilo na namba, likaondoka. Mama yake yuko Magu hadi leo, mzima, analima mpunga wake.

Mkewe aliporudi nilimwambia nusu. Nilisema watu walikuja, nikawaona nikiwa barazani, wakamchukua. Mlango sikuutaja. Nilijiambia ana mimba, nisimwongezee mzigo. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa macho yake.

Tukaanza kuzunguka vituo vya polisi, mimi na yeye, hadi Ilemela tukafika, miguu yake imevimba. Kila kituo wanafungua daftari, wanasema hayupo. Hospitali tuliulizia wodini, kisha mimi peke yangu nikaingia chumba cha maiti, yeye akanisubiri nje kwenye benchi. Hakuwepo. Nilitoka nimefurahi, halafu nikajishangaa kwamba hiyo ndiyo furaha niliyobaki nayo.

Siku ya tisa tangu achukuliwe tulimpata wakili aliyekubali kwenda mahakamani, serikali itakiwe kumleta fundi au iseme yuko wapi. Alihitaji kiapo cha mtu aliyeshuhudia, na huyo nilikuwa mimi tu. Hakunificha: jina langu litakuwa kwenye karatasi, na watakaolisoma wanajua ninapokaa. Niliwafikiria wajukuu zangu, nikafikiria kusema macho yangu ni mabovu, sikuona vizuri.

Akaanza kuniuliza, anaandika. Walikuwa wangapi. Gari la rangi gani. Kisha akauliza kama mlango ulivunjwa.

Mke wa fundi alikuwa amekaa kando yangu, bega kwa bega. Nilitazama sakafu.

"Haukuvunjwa," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwita afungue. Walinidanganya ni msiba, nikawaleta kwa miguu yangu."

Wakili akaacha kuandika. Nilingoja yule binti anitukane, hata anipige. Ningeinamisha kichwa nipigwe.

"Alikuwa ameniagiza," akasema taratibu, bila kunitazama, "akigonga mtu yeyote tusifungue. Isipokuwa mama."

Nililia mbele ya wakili bila aibu. Nilimwomba yule binti msamaha, akaendelea kutazama ukutani, na sikumlaumu. Wakili alipomaliza kuniandikia maelezo, alinisomea yote, mlango, wito wangu, na lile swali la fundi la nani amekufa vikiwemo, akaiweka karatasi mezani. Kwa machozi sikuiona kalamu ilipo. Yule binti aliichukua, akanishikisha.

"Saini, mama," akasema. "Yeye hajui bado kama kuna aliyekufa."