Siku Niliyosema Mimi Si Wake

Kuna harufu moja ambayo kwangu ni ya kijijini kwetu Kimulot tu: harufu ya koti zito la sufu lililonyeshewa njiani, likaingia kanisani na kuanza kukauka polepole juu ya mwili wa mtu. Ndani yake kuna moshi wa jikoni, maziwa, na majani chai mabichi. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mazishi kule Merigi, nimemsindikiza rafiki tu, mvua ikanyesha, na mzee mmoja akaja kuketi kando yangu akiwa na koti la aina hiyo. Nililia mpaka yule mzee akanipa leso yake na kuniuliza kama marehemu alikuwa mama yangu mdogo. Nikamwambia hapana. Sikujua ningeanzaje kumweleza kwamba kilichoniliza ni koti lake.

Nyinyi nitawaeleza, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na halijapungua uzito.

Kwetu nyanya huitwa Gogo. Gogo wangu hakuwa mama ya mama yangu, wala hakuwa mama ya baba. Jina lake lilikuwa Tapkigen. Aliolewa akiwa msichana na mzee mmoja, Arap Mibei, wakaishi miaka mingi bila kujaliwa mtoto, kisha mzee akafa. Nyumba isiyo na mtoto kwetu huhesabiwa imezimika, na shamba lake huanza kupimwa kwa macho na mashemeji kabla matanga hayajaisha. Basi Gogo akafanya lile ambalo mila yetu humruhusu mwanamke wa hali yake: akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu.

Tafadhali msikimbize mawazo. Gogo alisimama mahali pa mume kwa mambo ya nyumba na ya ukoo, basi. Mama alizaa na mwanamume ambaye sisi watoto hatukuwa na haja ya kumjua, na tuliozaliwa tukawa wa nyumba ya Gogo. Mimi nilikuwa wa kwanza. Kwenye rejista ya shule baba yangu aliandikwa Arap Mibei, mtu aliyekuwa kaburini miaka minane kabla sijazaliwa, na mwalimu mkuu aliliandika jina hilo bila hata kuinua kichwa.

Koti lilikuwa la huyo marehemu. Gogo alilivaa juu ya gauni lake na kitambaa cha kichwa, mikono ameikunja mara mbili, akaenda nalo kila mahali: kanisani, mnadani Mulot, kwenye vikao vya wanaume ambako alipewa kigoda chake kama wao na kusikilizwa kama wao. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Akikosana na ng'ombe alikuwa anamnunia, kwelikweli, asubuhi nzima.

Kwetu mtoto haulizwi jina kwanza. Huulizwa, "Wewe ni wa nani?" Mwenye duka atakuuliza, karani wa kituo cha majani chai atakuuliza huku anatundika gunia lako kwenye mizani, mtu usiyemjua atakuuliza ukimpisha njiani. Mimi sikupata nafasi ya kujifunza kujibu. Nikiwa na Gogo, alijibu yeye. "Ni wangu," alisema, na kunivuta kwenye koti. Alisema hivyo hata kabla ya kuulizwa. Alimwambia daktari wa ng'ombe, aliyekuja kumtazama ndama na hakuwa ameniona hata kidogo.

Nikiwa mdogo nilipenda. Nilipofika miaka tisa, kumi, nikaanza kuona haya.

Haya hiyo aliianzisha Wanjiru bila kukusudia. Wanjiru alikuwa binti wa mwenye duka pale senta, wazazi wake walihamia kutoka Nyeri, na alikuwa rafiki yangu wa dawati. Siku moja, kwa nia safi kabisa ya mtoto anayetaka kuelewa, aliniuliza, "Sasa babako ndiye yule anavaa kitambaa kwa kichwa?" Darasa likacheka wiki nzima. Watoto wa kwetu, ambao mila hiyo waliijua tangu tumboni, ndio waliocheka zaidi.

Kanisani mambo yalikuwa vilevile, ila kule hawakucheka. Kanisa letu lilikuwa la mabati, juu ya kilima, na Gogo aliketi siku zote benchi la mwisho, karibu na mlango. Walioketi naye walikuwa wazee watatu wenye wake wawili wawili. Nilidhani amechagua pale ili awahi kutoka akakamue. Wakati wa meza ya Bwana, sinia la vikombe vidogo lilipita benchi baada ya benchi, likifika la pili kutoka mwisho likageuka kurudi mbele. Nilidhani vikombe vimekwisha. Niliona mikono yake imelala magotini, viganja juu, na sikufikiri zaidi ya hapo. Mtoto huona kila kitu na kuelewa robo.

Mwaka huo niliingia darasa la ubatizo. Mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa kijana mpole aliyependa kufundisha kwa maswali na majibu. Akiuliza, "Wewe ni wa nani?" sisi tunajibu kwa pamoja, "Mimi ni wa Mungu." Alitueleza kwamba kuwa wa Mungu maana yake ni hii: Mungu amesimama mbele ya watu wote akasema huyu ni wangu, wala hakuona haya. Nilikariri maneno hayo nilivyokariri jedwali la saba. Ningeweza kuyasema usingizini.

Jumapili ya ubatizo mvua ilianza alfajiri. Mdogo wangu alikuwa na homa, mama akabaki naye, Gogo akanipeleka. Alikuwa amenifulia soksi nyeupe na kuzikausha juu ya meko, na njiani alinibeba mgongoni penye matope ili zisichafuke, mimi msichana wa miaka kumi, miguu karibu inagusa chini. Tulifika yeye amelowa mpaka shingoni, mimi nikiwa mkavu.

Mgeni mkubwa alikuwa amekuja kutoka mjini kutubatiza. Tulipangwa mbele, watoto kumi na wawili. Alimwendea kila mmoja, akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" na mtoto akimtaja mzazi wake, huyo husimama mahali alipoketi ili mgeni amwone. Lilikuwa jambo dogo la kufurahisha. Wanjiru alijibu, baba yake akasimama akiwa na tai mpya, watu wakatabasamu.

Ikafika zamu yangu. Kabla sijafungua mdomo nikasikia benchi la mwisho likilia, na sauti ya Gogo, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno mfukoni:

"Huyo ni wangu. Mimi ndio papa yake."

Kanisa zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Walicheka kama watu wanavyocheka neno likitoka kombo mahali patakatifu. Lakini mimi nilihisi masikio yanachomeka. Mgeni hakujua mila zetu. Akatabasamu, akamtazama yule bibi mwenye koti la kiume linalotiririka maji, kisha akainama kwangu.

"Huyu mama anasema wewe ni wake," akasema. "Wewe mwenyewe unasema aje?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliutafuta upande ulio rahisi, na jibu lilikuwa tayari, limekaririwa, safi.

"Mimi ni wa Mungu," nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Mimi si wake."

Mtu akasema amina, na makofi yakaanza. Mgeni alinishika kichwa, akawaambia watu kwamba mtoto huyu ameelewa kuliko wengi. Maji yalikuwa baridi. Nilipofumbua macho nikaangalia nyuma. Gogo alikuwa bado amesimama, na alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, na wengine walipoacha yeye aliendelea kidogo, kama mtu ambaye hakuambiwa yameisha.

Njiani kurudi nilingoja kuchapwa. Hakunichapa. Alinifunika koti na kunibeba tena penye matope. Jioni, akiwa anakamua, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, aliniambia kwa Kikipsigis, bila kugeuka:

"Umejibu vizuri. Sasa hakuna anayeweza kukutoa."

Nikafurahi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilidhani hiyo ni sifa, na nikaenda kucheza.

Baada ya hapo ndipo lilipotokea lile ambalo haliniachi. Wiki iliyofuata, kwenye kituo cha majani chai, karani mgeni alituuliza, "Na huyu mdogo ni wa nani?" Nilijikaza, nikisubiri kuvutwa kwenye koti. Gogo aliyatazama majani yaliyokuwa kwenye mizani. "Ni wa Mungu," akasema.

Nilidhani anatania. Lakini mwenye duka alipouliza, alijibu hivyo hivyo. Daktari wa ng'ombe, hivyo hivyo. Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba uliokwisha kuamuliwa na wazee. Alichukua neno langu kama lilivyo. Miaka sita aliyoishi baada ya pale alinilisha, alinisomesha, aliniuguza surua, aliniletea mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, mpaka lango la shule ya bweni, na hakusema tena hata siku moja kwamba mimi ni wake. Nami niliyaona hayo yote, na kila likizo nilijiambia nitamwambia kitu, kisha shule ikafunguliwa.

Alikufa nikiwa kidato cha pili. Kanisa halikumzika, kwa sababu hakuwa mshiriki. Majirani waliimba wenyewe, na wale wazee watatu wa benchi la mwisho, mmoja akiwa tayari kipofu, ndio walioshika kamba za jeneza.

Siku chache baadaye, tukiwa tunachuma majani, mama aliniambia kwa nini hakuwa mshiriki. Mimi nilipokuwa bado sijatembea, mchungaji wa wakati ule alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mwema, mama alisema, na alisema kwa huzuni. Gogo alikuwa ameomba ubatizo. Akaambiwa atabatizwa na kukaribishwa mezani, ila kwanza amrudishe mama kwao, ile ndoa ivunjwe. Gogo alifikiri siku mbili, hakula. Kisha alimfuata mchungaji mpaka kwake, akamuuliza neno moja tu: "Nikiwarudisha, huyu mtoto atakuwa wa nani?" Gogo akarudi nyumbani, na Jumapili ile akaenda kuketi karibu na mlango.

Mama aliendelea kuchuma. Mimi vidole vilikataa.

Leo mimi mwenyewe hufundisha watoto Jumapili, na swali lile bado nawauliza. Nilipokuwa na miaka kumi niliamini kwamba mtu akiwa wa Mungu anaondokewa na aibu ya kuwa wa mtu fulani, mwenye koti fulani, benchi fulani. Nilitumia jina la Mungu kama mlango wa nyuma. Sikujua kwamba lile nililofundishwa lilikuwa limetendeka mbele yangu siku ileile: kwamba mtu alisimama mbele ya watu wote, akasema huyu ni wangu, akachekwa, wala hakuona haya, na kwamba tayari alikuwa amelilipia neno hilo kwa kitu alichokitaka kuliko vyote. Kama kuna siku nilimwona Mungu akinidai kuwa wake, ni ile, na nilimjibu kwamba mimi si wake, wakanipigia makofi.

Mungu nimemwomba msamaha mara nyingi, na naamini alinisamehe siku ya kwanza. Gogo sikumwomba.